Kuiuliza Nukta: Mistari, Duara na Bahari ya Mkondo wa Pemba

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa hisabati, na ninyi wanafunzi wa kidato cha nne mlioruhusiwa kukaa nasi asubuhi hii, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mada ambayo wengi wetu huipitisha haraka mwishoni mwa muhula, nayo ni uchoraji wa grafu za kutolingana pale ambapo mstari mnyoofu unakutana na duara. Nashukuru kwa heshima hiyo. Nitajitahidi kutowachosha, ingawa mwalimu akipewa kipaza sauti ni vigumu kumwamini.

Nianze na neno lenyewe. Darasani tumezoea kusema "inikwaliti", na mwanafunzi anaandika hivyo hivyo daftarini bila kujiuliza maana yake. Mimi nitasema "sentensi ya kutolingana", kwa sababu nataka lisikike neno sentensi. Mlinganyo ni sentensi, na kutolingana nako ni sentensi: kila kimoja kinasema jambo fulani kuhusu x na y, na jambo hilo huweza kuwa kweli au kuwa uongo. Ukimpa nukta (2, 5) sentensi y ≥ x + 1, inakuwa kweli, kwa kuwa 5 si pungufu ya 3. Ukimpa nukta (5, 2), inakuwa uongo. Grafu ya kutolingana ni mkusanyiko wa nukta zote zilizojibu "kweli", na kivuli tunachopaka kwa penseli ni njia tu ya kuziandikia majina zote kwa mara moja, maana hatuwezi kuziandika moja moja.

Nasisitiza hili kwa sababu ninajua tunavyofundisha, nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi kabla sijajirudi. Tunawapa watoto kanuni fupi: alama ikiwa "kubwa kuliko", paka juu ya mstari, ikiwa "ndogo kuliko", paka chini. Kanuni hiyo ina mvuto wa njia ya mkato, na kwa y ≥ x + 1 inakubali. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo 3x − 2y > 6. Ataona alama ya kubwa, atapaka juu, na atakosea, kwa kuwa ukiiweka y peke yake inakuja y < 1.5x − 3, na eneo linalotakiwa liko chini. Kisha mpe x² + y² > 25, umwambie apake. Juu ya duara ni wapi? Niliwahi kusahihisha karatasi ambayo mwanafunzi alichora duara safi kabisa, la kupendeza, halafu akapaka kivuli nusu ya juu ya karatasi yote, kuanzia kwenye kichwa cha duara hadi ukingoni. Nilimpa sifuri kwa hasira. Baadaye nikafikiri kwamba sifuri ile ilikuwa yangu, kwani mtoto yule alikuwa ameitii kanuni niliyompa mwenyewe.

Kanuni isiyosaliti ni kuiuliza nukta. Chora mpaka kwanza, yaani chora mlinganyo kana kwamba alama ni ya usawa. Mpaka huo unagawa karatasi katika vipande. Chagua nukta moja ndani ya kila kipande, iliyo rahisi kukokotoa na isiyokaa juu ya mpaka, uiulize sentensi zote. Jibu la nukta hiyo ni jibu la kipande chake kizima, kwa sababu huwezi kutoka kwenye "kweli" kwenda kwenye "uongo" bila kukanyaga usawa, na usawa uko mpakani tu. Hoja hiyo ndiyo uti wa mada nzima, na inafaa isemwe darasani kwa sauti, maana mwanafunzi akiielewa hatauliza tena kwa nini nukta moja inaweza kusemea maelfu.

Sasa tuje kwenye duara. Sentensi x² + y² ≤ 25 huwatisha watoto kwa vipeo vyake, lakini ni sentensi ya umbali. Kwa kanuni ya Pythagoras, x² + y² ni kipeo cha pili cha umbali kutoka nukta asili (0, 0) hadi nukta (x, y). Kwa hiyo sentensi hiyo inasema: sikai mbali na nukta asili zaidi ya vizio 5. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba ya mita 5 kwenye kigingi anaitii sentensi hiyo siku nzima bila kusoma aljebra. Duara lenyewe ni pale kamba inapokazwa, na ndani yake ni pale kamba inapolegea. Na tukihamisha kigingi hadi nukta (a, b), tunaandika (x − a)² + (y − b)² ≤ r², r ikiwa urefu wa kamba, bila jambo jipya lolote.

Tuziweke pamoja sentensi mbili: x² + y² ≤ 25 na y ≥ x + 1. Makutano ya mipaka tunayapata kwa kuweka x + 1 mahali pa y katika mlinganyo wa duara, tukapata x² + x − 12 = 0, yaani x = 3 au x = −4. Nukta za makutano ni (3, 4) na (−4, −3). Mstari umelikata duara, na karatasi yote imegawanyika vipande 4: viwili ndani ya duara, viwili nje. Ulizeni sasa. Nukta (−1, 2) inajibu kweli kwa zote mbili. Nukta asili (0, 0) inajibu kweli kwa duara lakini uongo kwa mstari, kwa kuwa 0 si kubwa kuliko wala sawa na 1. Nukta (−6, 6) inakubali mstari na kukataa duara. Nukta (7, 0) inakataa zote. Angalieni jinsi majibu manne yanayowezekana, yaani kweli-kweli, kweli-uongo, uongo-kweli na uongo-uongo, yamepata kila moja kipande chake. Na kwa kuwa kitovu cha duara kimekataliwa na mstari, unajua kabla ya kupaka chochote kwamba eneo lako ni chini ya nusu ya duara. Mwanafunzi aliyepaka sehemu kubwa angeweza kujikosoa mwenyewe kwa kuangalia kitovu tu.

Wakati mwingine mambo hayaendi hivyo, na hapo ndipo penye utamu. Mkibadilisha mstari uwe x + y ≥ 8, mtakuta umbali kutoka nukta asili hadi mstari huo ni 8 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, takriban 5.66, ambao unazidi 5. Mstari haulifikii duara. Hakuna nukta hata moja inayokubali sentensi zote mbili, na jibu sahihi ni karatasi isiyo na kivuli. Mwanafunzi wetu akifika hapo huogopa, hufuta, hurudia, hatimaye hupaka kitu chochote ili asiache pengo. Tumemfundisha kwamba kila swali lina kivuli. Mkiuweka mstari 3x + 4y ≥ 25, utaligusa duara mahali pamoja tu, kwenye (3, 4), na suluhisho zima la mfumo ni nukta hiyo moja. Tena ukiondoa usawa, ukaandika 3x + 4y > 25, hata nukta hiyo inapotea. Kipande kidogo cha wino chini ya alama ndicho kinachotenganisha suluhisho moja na kutokuwa na suluhisho kabisa. Ndiyo maana mpaka unaohesabika huchorwa kwa mstari usiokatika, na usiohesabika huchorwa kwa vistari vya kukatikakatika, na ndiyo maana mimi huikata alama mwanafunzi anayevichanganya, hata akinuna.

Neno moja kuhusu vifaa, kisha niendelee. Duara kwenye karatasi ya grafu linahitaji skeli ile ile kwenye mihimili yote miwili. Katika mistari mitupu tumezoea kuweka sentimita 1 kwa vizio 2 huku na sentimita 1 kwa vizio 10 kule, wala hakuna kinachoharibika. Ukifanya hivyo kwenye duara, umbo halisi la grafu yako ni yai, na bikari haichori yai. Nimeona watahiniwa waliochora duara la bikari juu ya mihimili ya skeli mbili tofauti, wakapata makutano ambayo aljebra yao wenyewe ilikuwa imeyakana mistari mitatu juu.

Walimu wenzangu, watoto hutuuliza haya yanatumika wapi. Majibu ya kawaida ni ya duka na kiwanda: viti na meza, mahindi na maharage. Ni mifano mizuri, lakini yote ni mistari. Duara linakaa wapi? Kwetu sisi watu wa pwani jibu liko mbele ya macho. Liko baharini.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba nchi inaweza kuwa na bahari ya kitaifa yenye upana usiozidi maili 12 za baharini kutoka kwenye mstari wa msingi wa pwani yake. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, hivyo maili 12 ni kilomita 22 na kidogo. Sikilizeni maneno yenyewe: usiozidi. Hiyo ni sentensi ya kutolingana. Na ukisema "umbali usiozidi 12 kutoka nukta fulani", umechora duara na kupaka ndani yake. Kisha mkataba huo huo unasema kwamba pale nchi mbili zinapotazamana au kupakana, kama hazina makubaliano mengine wala hakuna haki za kihistoria au mazingira maalumu, hakuna hata moja inayoruhusiwa kuvuka mstari wa kati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa kutoka kwenye mistari ya msingi ya nchi zote mbili. Hiyo ni sentensi ya pili, na mpaka wake unaweza kuwa mstari mnyoofu. Kanuni ya mstari wa kati haikuanza mwaka 1982, kwani ilikuwamo tayari katika mkataba wa Geneva wa mwaka 1958.

Sasa njooni Mkondo wa Pemba. Upande wa Kenya, kusini ya Wasini na Shimoni, kuna visiwa vya Kisite na Mpunguti. Upande wa Tanzania, kwenye ncha ya kaskazini magharibi ya Pemba, kuna Ras Kigomasha na mnara wake wa taa. Serikali hizi mbili zilikubaliana mpaka wao wa baharini kwa kubadilishana barua, ya kwanza ya Desemba 1975 na ya pili ya Julai 1976. Katika makubaliano hayo, sehemu ya mpaka imewekwa kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa kidato cha nne angeitambua: yanachorwa matao mawili ya duara, kila moja lenye nusu kipenyo cha maili 12, moja kutoka kwenye taa ya Mpunguti ya Juu na la pili kutoka kwenye taa ya Ras Kigomasha. Matao hayo yanakatana mahali pawili. Makubaliano yamezipa nukta hizo herufi B na C, kama tunavyofanya ubaoni. Kati ya B na C mpaka ni mstari wa kati. Kutoka C, ambayo iko takriban kwenye latitudo ya digrii 4 na dakika 41 Kusini, mpaka unageuka kuelekea mashariki moja kwa moja, ukiifuata latitudo hiyo.

Tuchore. Nimezisawazisha namba hadi maili nzima ili hesabu ikae vizuri, kwa hiyo nahodha asije akasafiria grafu yangu. Wekeni nukta asili kwenye taa ya Mpunguti ya Juu, x iende mashariki na y iende kaskazini, kizio kimoja kiwe maili moja ya baharini. Taa ya Kigomasha inaangukia karibu na (16, −10), yaani maili 16 mashariki na maili 10 kusini. Jambo la bahati ni kwamba tuko karibu na ikweta, ambako dakika moja ya longitudo ina urefu unaokaribia sana ule wa dakika moja ya latitudo, na karatasi ya grafu ya kawaida inatutosha. Kwenye latitudo ya digrii 60, kule Ulaya ya kaskazini, dakika ya longitudo ni nusu tu ya dakika ya latitudo, na duara lililochorwa moja kwa moja kwa dakika lingekuwa lile yai nililolisema.

Tuna maduara mawili: x² + y² = 144 na (x − 16)² + (y + 10)² = 144. Fungueni mabano ya mlinganyo wa pili, kisha toeni mmoja kutoka kwa mwingine. Vipeo vya pili vyote vinafutana, na kinachobaki ni 32x − 20y = 356, yaani 8x − 5y = 89. Mstari mnyoofu umezaliwa kutoka kwa maduara mawili. Unapita kwenye nukta (8, −5), ambayo ni katikati kamili ya taa mbili, na unaikata kwa pembe mraba safari inayotoka taa hadi taa. Kwa kuwa nusu vipenyo ni sawa, mstari huo ndio mstari wa kati wenyewe. Ukikokotoa makutano utapata C kwenye (11.93, 1.29) na B kwenye (4.07, −11.29), kwa makadirio. Mwaka wa kwanza nilipowapa wanafunzi hesabu hii, kijana mmoja mtoto wa mvuvi alitazama ubao muda mrefu, halafu akasema kwamba babake huujua mpaka kwa kuangalia taa ipi inaonekana kubwa zaidi. Sikuweza kuongeza kitu. Sentensi 8x − 5y < 89 inasema hilo hilo: niko karibu zaidi na taa ya Mpunguti kuliko ya Kigomasha.

Hapa, ndugu zangu, pana mtego ambao nataka tuutazame kwa makini, kwa sababu hata sisi walimu hunaswa nao. Tumetoa mlinganyo kutoka kwa mlinganyo, na tendo hilo ni halali. Mwanafunzi mwerevu ataona njia ya mkato, achukue x² + y² ≤ 144 na (x − 16)² + (y + 10)² ≤ 144, atoe moja kutoka kwa nyingine, apate sentensi ya mstari yenye alama ya kutolingana, halafu apake upande mmoja tu. Hilo si halali. Sentensi mbili za kutolingana zenye mwelekeo mmoja unaweza kuzijumlisha, lakini huwezi kuzitoa. Ushahidi ni mashua mbili. Mashua iliyo (10, −1) iko ndani ya maduara yote mawili: 101 haizidi 144, na 36 + 81, yaani 117, nayo haizidi. Mashua iliyo (10, −5) pia iko ndani ya yote: 125 na 61. Lakini ya kwanza inatoa 8x − 5y = 85, chini ya 89, na ya pili inatoa 105, juu ya 89. Maduara mawili yamezikubali mashua zote mbili, na hayakusema lolote kuhusu upande wa mstari. Mstari ni sentensi ya tatu, inayojitegemea, na katika makubaliano haya ndiyo inayoamua ya kwanza ni ya Kenya na ya pili ni ya Tanzania.

Sentensi tatu zinaweza kutoa majibu ya aina 8, kuanzia kweli-kweli-kweli hadi uongo-uongo-uongo. Hesabuni vipande kwenye mchoro wenu: viwili ndani ya eneo lenye umbo la jicho ambamo maduara yamepandana, viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, na viwili nje ya yote, vilivyotenganishwa na mstari unaoendelea. Jumla ni 6. Majibu mawili hayana makazi. Yako wapi? Moja lingekuwa la mashua iliyo ndani ya maili 12 kutoka Mpunguti, nje ya maili 12 kutoka Kigomasha, na bado karibu zaidi na Kigomasha kuliko Mpunguti. Haiwezekani, na mtoto wa darasa la tano anaweza kueleza kwa nini. La pili ni lile lile kwa kubadilisha taa. Huwa nawaachia wanafunzi wakitafute kipande hicho kwa nusu kipindi, wageuze karatasi, walalamike kwamba mchoro una kasoro, hadi mmoja aseme kwa sauti kwamba hakipo na hakiwezi kuwapo. Nusu kipindi hicho sikihesabu kuwa hasara.

Kuna jambo lingine bahari inalotufundisha ambalo vitabu vyetu hulisahau, nalo ni tofauti kati ya "na" na "au". Tunapoandika sentensi mbili chini ya mabano, tunamaanisha "na": nukta ikubali zote, na eneo letu ni pale vivuli vinapopandana. Lakini bahari ya kitaifa haijengwi kwa "na". Mashua iko ndani ya maji ya nchi ikiwa iko ndani ya maili 12 kutoka nukta hii ya pwani, au ile, au ile nyingine. Hayo ni maduara mengi yaliyounganishwa kwa "au", na ukingo wa nje wa muungano huo ndio mpaka wa bahari. Mwanajiografia wa serikali ya Marekani, S. Whittemore Boggs, aliieleza njia hiyo ya matao mwaka 1930: weka bikari kwenye kila nukta ya pwani, chora tao, kisha fuata tao lililo mbali zaidi baharini. Kama tungeweka "na" mahali pa "au", nchi yenye pwani ndefu isingekuwa na bahari hata kidogo, kwa sababu hakuna mashua inayoweza kuwa karibu na Tanga na karibu na Mtwara kwa wakati mmoja.

Mstari wa latitudo nao una habari zake. Kati ya Kenya na Somalia, Kenya ilidai mpaka unaofuata latitudo, yaani sentensi ya aina y ≤ k, na Somalia ilidai mstari wa umbali sawa. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa hoja kwamba mpaka wa latitudo ulikuwa umekwisha kukubaliwa, ikachora mstari wa kati katika bahari ya kitaifa, na mbele ya hapo mstari wa umbali sawa uliorekebishwa kidogo kuelekea kaskazini. Siingii katika siasa zake, na Kenya yenyewe iliukataa uamuzi huo. Ninachotaka walimu wakione ni kwamba ugomvi wa mataifa mawili ulikuwa juu ya mteremko wa mstari: sifuri, au si sifuri.

Nirudi darasani kwa dakika chache, kwani kuna kosa moja linalotokana na ufundishaji wetu wa hesabu za faida kubwa na gharama ndogo. Tunawaambia watoto kwamba thamani kubwa au ndogo hupatikana kwenye kona za eneo, basi wapime kona na waishie hapo. Kwa eneo lililozungukwa na mistari hilo ni kweli. Sasa chukueni lile eneo la x² + y² ≤ 25 na y ≥ x + 1, mtafute thamani kubwa kabisa ya 4y − 3x. Kona ni mbili. Kwenye (3, 4) tunapata 7, na kwenye (−4, −3) tunapata 0. Mwanafunzi ataandika 7 na kuchora mistari miwili chini yake. Lakini nukta (−3, 4) iko ndani ya eneo, na inatoa 16 + 9, yaani 25, zaidi ya mara tatu ya jibu lake. Thamani kubwa ilijificha kwenye tao, pale ambapo mstari wa 4y − 3x = 25 unaligusa duara bila kulikata. Tao halina kona, lakini lina mahali pa kuguswa. Ningependa kila anayefundisha kanuni ya kona aongeze nusu sentensi: ikiwa mipaka yote ni mistari.

Kuhusu kupaka kivuli eneo linalotakiwa au lisilotakiwa, najua ubishi uliopo. Wenzetu wa Kenya, katika mada yao ya njia za nukta kwenye kidato cha nne, wamezoea kupaka yasiyotakiwa na kuliacha jibu likiwa jeupe, na wapo kwetu wanaofanya hivyo. Binafsi naiona njia hiyo kuwa bora pale sentensi zinapozidi mbili, maana vivuli vitatu vilivyopandana hugeuka tope. Lakini sitagombana na mtu, mradi mtahiniwa aandike kwenye karatasi yake ni eneo lipi analokusudia.

Na ile mashua iliyokaa juu ya mstari wenyewe? Kijana yule yule wa mvuvi aliniuliza. Kwa hesabu, ukiandika ≤ upande mmoja na ≥ upande wa pili, mstari umehesabiwa mara mbili, na ukiandika < na > haukuhesabiwa na yeyote. Nilimjibu hivyo, naye akaniambia kwamba mashua ina upana.

Mezani hapo mlangoni kuna karatasi za grafu na bikari. Chukueni skeli ya sentimita 1 kwa maili 2, mchoro wote utaenea. Choreni maduara yote mawili na mstari 8x − 5y = 89, kisha kutoka C choreni mstari y = 1.29 kuelekea mashariki. Halafu pakeni eneo la sentensi hizi mbili pamoja: (x − 16)² + (y + 10)² ≤ 144 na y ≥ 1.29. Ni maji yaliyo ndani ya maili 12 kutoka taa ya Kigomasha, lakini kaskazini ya ile latitudo, kwa hiyo katika mchoro wetu yako upande wa Kenya ingawa mstari wa kati ungeyapeleka Pemba. Kwenye karatasi yenu litakuwa na urefu wa sentimita 4 hivi na kimo kisichofika milimita 4, jembamba kama ukucha uliokatwa. Mwenye bikari iliyolegea hataliona kabisa, kwa hiyo kazeni skrubu kabla ya kuanza.